Bei ya Siri na Bei ya Wazi: Historia ya Fedha ya Pembeni katika Uuzaji wa Nyumba

 

Ndugu Muislamu, tuseme unanunua nyumba pamoja na kibanja chake katika kata ya Igurwa, wilayani Karagwe. Mmekubaliana shilingi milioni 30. Siku ya kuandikiana, kabla hamjafika kwa mtendaji wa kijiji, muuzaji anakuvuta kando na kukuambia: "Sheikh, tuandike milioni 18. Hizo 12 zilizobaki nipe mkononi, zisiingie kwenye karatasi." Ukisita, anakutuliza kwamba hakuna anayedhulumiwa, kwani wewe umeridhia na yeye ameridhia.

Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba wapo wanaoswali safu ya kwanza na hawalioni kuwa ni tatizo. Katika makala haya tutaangalia lilikotoka, wanazuoni walilisemaje, na ni nani hasa anayeumia. Itadhihiri kwamba bei ikifichwa haipotei. Husubiri mahali, na mara nyingi inapojitokeza humwangukia yule yule aliyekubali kuificha.

Nyumba za Abu Rafi'

Imamu Bukhari amepokea kisa cha Abu Rafi' (r.a.), aliyekuwa mtumwa wa Mtume (s.a.w.) kisha akaachwa huru. Abu Rafi' alikuwa na nyumba mbili ndani ya boma la Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.), akamtaka Sa'd azinunue. Al-Miswar bin Makhrama naye alikuwepo. Kwa mujibu wa mojawapo ya riwaya, Sa'd alisema hatatoa zaidi ya 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi' akajibu kwamba tayari amepewa dinari 500 na mtu mwingine, lakini kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w.) akisema jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake, akamuuzia Sa'd kwa bei yake hiyo.

Mara nyingi kisa hiki hutajwa kwa ajili ya haki ya jirani. Lakini hebu tuangalie namna biashara yenyewe ilivyofanyika. Bei ilitajwa. Namna ya kulipa ilitajwa. Hata bei ya mnunuzi mwingine, ambayo ilikuwa kubwa zaidi, ilitajwa mbele ya watu. Muuzaji alipunguza haki yake mwenyewe, lakini hakuficha kitu.

Hila ya dirhamu 20,000

Kisa hicho hicho Bukhari (aliyefariki mwaka 256 Hijria, sawa na 870 Miladia) amekirudia katika mlango wa hila wa Sahihi yake, na hapo ndipo anapoieleza bei ya uongo ya nyumba. Anaeleza kauli ya baadhi ya watu waliojuzisha hila ya kumkwepa mwenye haki ya shufaa. Nyumba inauzwa kwa dirhamu 20,000. Mnunuzi anatoa dirhamu 9,999, kisha kwa zile 10,001 zilizobaki anatoa dinari moja tu. Mwenye shufaa akija, anaambiwa bei ni 20,000, naye anakata tamaa na kuondoka.

Kisha Bukhari anataja matokeo yake. Ikibainika baadaye kwamba nyumba ni mali ya mtu mwingine, mnunuzi atarudishiwa kile alichokitoa tu, yaani dirhamu 9,999 na dinari moja. Lakini nyumba ikikutwa na aibu, atairudisha kwa 20,000. Nyumba moja ina bei mbili, na inayotumika inategemea ni nani anayeuliza. Bukhari aliita jambo hili hadaa baina ya Waislamu, akakumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba mauzo ya Muislamu hayana udanganyifu ndani yake. Wanazuoni wa Kihanafi nao wana majibu yao, na mjadala ni mrefu. Kwetu yatosha kujua kwamba swali hili lina zaidi ya miaka 1,100.

Wale walipandisha bei ya wazi ili kumfukuza mwenye shufaa. Wa kwetu wanaishusha ili kumkwepa mtoza kodi, kijiji au ndugu. Mti ni mmoja, matawi ndiyo tofauti.

Ardhi iliyoambiwa haina bei

Karagwe ya karne ya 19 ilikuwa chini ya Omukama. Wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani, akiwemo Ahmed bin Ibrahim ambaye Stanley alimkuta mwaka 1876, waliweka kituo chao Kafuro, karibu na makao ya Rumanyika, kwa ridhaa ya mtawala huyo. Mwenye kusema juu ya ardhi alijulikana. Baadaye, katika Buhaya na Karagwe, palikuwa na mfumo wa nyarubanja, ambapo mkulima aliishi juu ya ardhi ya bwana na kumlipa. Mfumo huo ulivunjwa kwa sheria za mwaka 1965 na 1968.

Juu ya mila hizo ziliwekwa sheria za dola. Wajerumani mwaka 1895 walitangaza ardhi isiyo na mwenyewe kuwa ya serikali yao. Waingereza kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 wakaiweka ardhi chini ya Gavana. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha "Mali ya Taifa" akipinga ardhi kufanywa bidhaa ya sokoni, akihofia kwamba wenye fedha wataimaliza na wananchi watabaki wapangaji. Mwaka 1963, baada ya uhuru, umiliki wa ardhi usio na kikomo ulifutwa.

Hofu ya Mwalimu ilikuwa ya haki, na mwenye insafu hawezi kuidharau. Lakini utekelezaji wake ulizaa jambo jingine. Ilishikwa kwamba ardhi tupu haina bei, na kinacholipiwa ni maendelezo tu: nyumba, migomba, mibuni. Katika ardhi ya hati, uhamisho ulihitaji kibali cha serikali, na mwaka 1988 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Nitin Coffee Estates, ilishikilia kwamba uhamisho usio na kibali hauna nguvu. Pamoja na hayo, kila mtu alijua kwamba kiwanja kilicho karibu na barabara si sawa na kilicho bondeni. Tofauti hiyo ilikuwa na thamani, lakini haikuwa na mahali pa kuandikwa. Ikalipwa pembeni.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, mwaka 1991 na 1992, ilizunguka nchini kusikiliza malalamiko ya ardhi. Sera ya mwaka 1995, kisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zikakubali kwamba ardhi ina thamani. Marekebisho ya mwaka 2004 yakafungua zaidi mlango wa kuuza.

Kwa hiyo sababu ya zamani imeondoka, lakini mazoea yamebaki na kujitafutia sababu mpya. Mmoja anakwepa kodi ya faida, ambayo Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliiweka asilimia 10 kwa mkazi. Mwingine anakwepa asilimia ambayo imezoeleka kutozwa na vijiji na mitaa mingi kila mauzo yanapofanyika. Wa tatu, naye ndiye mbaya zaidi, anataka mkewe au warithi wenzake wasijue amepokea kiasi gani.

Shauri la Muleba

Sasa tuangalie bei inapojitokeza. Katika mila za Wahaya, ndugu wa ukoo huweza kuikomboa ardhi ya ukoo iliyouzwa kwa mtu wa nje kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Mwaka 1988, Kashasha, wilayani Muleba, mwanamke aliyerithi ardhi kwa baba yake aliiuza kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo alikwenda mahakamani kupinga kwa hoja kwamba kwa mila mwanamke hawezi kuuza. Shauri hilo, Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo ni ya ubaguzi na inapingana na Katiba, hivyo mauzo ni halali. Lakini pia alimpa ndugu nafasi ya kuikomboa ardhi hiyo ndani ya miezi 6 kwa kulipa zile zile 300,000.

Hapo kuna funzo kubwa kwa mnunuzi. Kiasi cha ukombozi ni bei ya mauzo. Rudi kwa ndugu yetu wa Igurwa aliyelipa 30 akaandika 18. Akija mwenye haki ya kukomboa, ataweka mezani milioni 18 na kuonyesha karatasi yenye sahihi ya mnunuzi mwenyewe. Zile milioni 12 atazidai kwa ushahidi gani?

Katika fiqhi pia hali ni hiyo. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, kuwa mtu wa ukoo peke yake hakumpi mtu shufaa. Shufaa ni ya mshirika katika mali isiyogawanywa, kwa Hadithi ya Jabir (r.a.). Lakini ni vibanja vingapi ambavyo mzee amefariki miaka 10 iliyopita na mirathi haijagawanywa? Mtoto mmoja akiuza fungu lake, ndugu zake ni washirika, na wana shufaa kwa bei ya mkataba.

Na bei ya mkataba ni ipi? Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia), katika Minhaj yake ambayo masheikh wetu wameisomesha kwa vizazi, amezungumzia mahari yaliyopatanwa kwa siri kisha yakatangazwa kwa kiasi kingine. Kauli ya madhehebu ni kwamba linalolazimu ni lile lililofungiwa akdi. Ukilipima suala letu kwa kipimo hicho, muuzaji aliyefunga akdi ya 18 mbele ya mashahidi hana hoja akifa kabla hajapewa 12. Warithi wake, wakiwemo mayatima, wataambiwa baba yao alishalipwa yote. Siri iliyopangwa dhidi ya mtoza kodi imekula mali ya yatima.

Si kila fedha ya ziada ni haramu

Lazima tutofautishe. Katika Kairo ya karne ya 10 Hijria, wapangaji wa maduka, na hasa maduka ya wakfu, walikuwa wakilipana fedha iitwayo khuluu ili mmoja ampishe mwenzake. Nasiruddin al-Laqani wa madhehebu ya Malik alitoa fatwa ya kuijuzisha, na wengine wakampinga. Ndicho kile ambacho katika maduka ya mijini kwetu huitwa kilemba. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwezi Februari 1988, lilipambanua sura zake na kujuzisha baadhi yake kwa masharti.

Wanazuoni hao waliuliza: fedha hii ni badala ya nini? Kama ni badala ya haki inayojulikana, itajwe. Muuzaji wa Igurwa anayetaka nyongeza kwa ajili ya kahawa iliyo karibu kuvunwa au mabati aliyoyaacha, na aandike hivyo. Milioni 12 za pembeni hazina jina kwa sababu ni sehemu ya bei ile ile.

Hoja ya kodi

Wapo wanaosema: "Kodi ni dhulma, kwa hiyo kuificha bei ni kujikinga." Ubishi kuhusu kodi tuuache mahali pake. Hata ukishinda katika ubishi huo, bado umewaweka mashahidi watie sahihi juu ya uongo, na Mtume (s.a.w.) ameuhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa kabisa. Isitoshe, wengi hukimbia kivuli. Sheria ile ya 2004 ilitoa msamaha kwa nyumba ambayo mtu ameishi kwa miaka 3 au zaidi, ikiwa faida haikuzidi shilingi milioni 15. Muuzaji na aulize kwanza kabla ya kusema uongo.

Ushauri kwa maimamu na waumini

Mwenyezi Mungu, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ameamrisha madeni yaandikwe kwa uadilifu, na mwenye deni anayeandikisha asipunguze kitu. Maimamu wetu, ambao mara kwa mara huitwa kuwa mashahidi wa mauziano, waulize swali moja kabla ya kushika kalamu: "Je, kiasi hiki ndicho chote?" Mnunuzi alipe mbele ya mashahidi au kupitia benki, ahakikishe mke wa muuzaji ameridhia na warithi wenzake wamejulishwa, na apate idhini ya halmashauri ya kijiji. Muuzaji akishikilia bei mbili, mwache na nyumba yake.

Katika Hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo baraka ya biashara yao hufutwa. Aliyeingia katika nyumba yake kwa karatasi ya uongo atalala humo akiiogopa karatasi hiyo. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.