Mathree Zilikuja Kabla ya Ruhusa

Jam ikizidi tao, lawama zote huenda kwa mathree. Sawa, vurugu zipo, na sisi wa namba 6 na 9 za Eastleigh tunazijua vizuri. Lakini wasee, mnajua zilianzaje?

Tangu 1934 Nairobi ilikuwa na basi za KBS. Baada ya uhuru, kampuni hiyo ikapewa haki ya kubeba abiria peke yake. Mji ukakua, basi zikawa chache, na Eastlands ndiyo iliumia. Wenye magari wakaanza kubeba watu bila leseni kwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10. Kikuyu wakaita mang'otore matatu. Kumbe jina lenyewe ni nauli! Polisi waliwasumbua hadi 1973, Rais Kenyatta alipowaruhusu. Watu walikuwa wameshapanda kitambo, sheria ikafuata.

Desemba 3, 2018 kaunti ilijaribu kinyume: mathree zisiingie katikati ya jiji. Abiria walishushwa mbali, wakamalizia kwa miguu, wagonjwa na wenye mizigo pia. Marufuku hiyo haikudumu, kwa sababu hakukuwa na gari lingine la kupanda.

Sasa tunaahidiwa BRT, mabasi yenye njia yake. Mimi naitaka. Ila mama anayetoa nguo Eastleigh apeleke Gikomba habebi mzigo kwa ahadi. Leteni basi kwanza, halafu tuongee kuhusu kuondoa mathree.