Mlinzi na Nuru za Usiku



Mlinzi anayekesha Petite Barrière, mahali Gisenyi inapopakana na Goma, hulinda njia ya watu na mizigo. Lakini historia ya mahali hapo yaonyesha kwamba anapaswa kuliangalia anga pia.

Kaskazini mwa Goma umesimama mlima Nyiragongo. Kwa miaka mingi ziwa la mawe yaliyoyeyuka, lililomo kileleni mwake, limekuwa likiyapaka mawingu wekundu usiku. Watu waliuzoea mwanga huo, na mazoea yana hasara. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, ziwa lote likamwagika kwa muda usiotimia saa moja, na watu wengi wakafa. Tarehe 17 Januari 2002 moto ule uliingia hadi katikati ya Goma. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 anga iliwaka tena. Wananchi waliuona wekundu huo kabla ya kusikia tangazo lolote, na usiku uleule maelfu walivuka mpaka kuingia Rwanda. Walinzi walipaswa kutambua mara moja kwamba waliokuwa wakiwajia ni watu wanaokimbia mauti.

Ziko pia nuru zisizostahili kumtia mtu hofu. Kimondo huungua umbali wa kilomita zipatazo 100 juu yetu, nacho hupita kwa sekunde chache. Vingi havizidi ukubwa wa punje ya mchanga. Mara chache huja kikubwa: tarehe 14 Agosti 1992 mawe ya kimondo yaliuangukia mji wa Mbale, Uganda, kwa mingurumo mikubwa. Asiyejua angeweza kudhani ni mizinga.

Kosa la namna hiyo laweza kuwasha vita. Tarehe 6 Juni 2002 kimondo kililipuka juu ya Bahari ya Mediterania kwa nguvu iliyokaribia ile ya bomu la Hiroshima. Wakati huo majeshi ya India na Pakistan yalikuwa yakikabiliana mpakani, na kila upande ulikuwa na silaha za nyuklia. Jenerali mmoja wa Marekani, Simon Worden, alionya baadaye kwamba mlipuko ule, kama ungetokea juu ya nchi hizo, ungeweza kudhaniwa kuwa shambulio.

Basi, ndugu walinzi, mwonapo nuru usiku, jiulizeni: imetoka ardhini au juu? Imedumu muda gani? Ina rangi gani? Mlio umefuata baada ya muda gani? Yaandikeni hayo katika daftari la zamu, kisha mpeni mkubwa wenu taarifa. Bunduki haijui kutofautisha kimondo na adui. Kazi hiyo ni ya macho na akili ya anayeishika.