Kiu ya muziki wa spika tano na vita vya kampuni vilivyoizima

KATIKA miaka ya 2000, mnunuzi aliyeingia maduka ya vifaa vya umeme kwenye barabara ya Luthuli, Nairobi, hakukosa kuonyeshwa kasha lenye spika tano ndogo, spika moja ya besi na mashine ya kuchezea DVD. Kasha hilo liliitwa sinema ya nyumbani, na kazi yake ilikuwa hiyo hasa: kutikisa vioo vya madirisha kila bomu lilipolipuka katika filamu.

Makala haya yanahusu kundi jingine, dogo na sugu zaidi. Hawa ni wasikilizaji wanaotaka spika tano au zaidi ziwaletee muziki, si milipuko, tena kwa usafi ule ule ambao mpenzi wa santuri huudai kutoka kwa spika zake mbili. Wamekuwapo Marekani, Ulaya na Japani kwa zaidi ya nusu karne. Mara tatu kampuni kubwa zimewaahidi kukidhi haja yao, na mara mbili za kwanza zimewaacha na mashine zisizo na cha kucheza.

Haja yenyewe si ya anasa tupu. Msikilizaji aliyeketi katikati ya ukumbi wa okestra hupokea sehemu kubwa ya sauti baada ya kudunda kwenye kuta na dari. Spika mbili zilizo mbele hulazimika kuubana ukumbi huo wote kwenye upande mmoja wa sebule. Isitoshe, kuna muziki uliotungwa tangu awali ili umzingire msikilizaji. Hector Berlioz, katika Requiem yake iliyotumbuizwa kwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka wa 1837, aliagiza makundi manne ya tarumbeta na ala nyingine za shaba yawekwe kwenye pembe nne. Kazi kama hiyo ikichezwa kwa stirio, robo tatu ya wazo la mtunzi hupotea.

Jaribio la kwanza lilikuja na sauti ya mikondo minne, yaani kila spika miongoni mwa nne ikipewa sauti yake. Kanda za aina hiyo zilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1969, na santuri zikafuata mapema katika miaka ya sabini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. CBS ilileta mfumo wake wa SQ, Sansui ikaleta QS, nayo JVC ikaja na CD-4. SQ na QS ziliikunja mikondo minne ndani ya miwili kisha zikajaribu kuikunjua nyumbani, ambapo sauti ya nyuma ilivuja mbele na ya mbele ikavuja nyuma. CD-4 iliitenganisha mikondo vizuri zaidi, lakini ilidai sindano maalumu na santuri isiyochakaa. Santuri ya mfumo mmoja haikusomwa ipasavyo na mashine ya mwingine. Mwuzaji mwenyewe alishindwa kueleza tofauti, sembuse mteja. Kufikia mwisho wa mwongo huo biashara ilikuwa imekufa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba rekodi hazikufa nayo. Kampuni ya Philips ilikuwa imerekodi muziki mwingi wa okestra kwa mikondo minne katika miaka hiyo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ikauzwa kwa stirio pekee. Kanda asilia zilikaa ghalani kwa takriban miaka 30, hadi Pentatone, kampuni iliyoanzishwa Uholanzi mwaka wa 2001 na watu waliotoka Philips, ilipozitoa upya zikiwa na mikondo yake yote. Wanamuziki kadhaa walikuwa wameshaaga dunia.

Pentatone ilizitoa kwa diski ya SACD, iliyoletwa sokoni na Sony na Philips mwaka wa 1999. Mwaka wa 2000 kambi ya pili, wakiwamo Panasonic na Toshiba, ilizindua DVD-Audio. Zote mbili zilibeba sauti bora kuliko CD ya kawaida, na zote ziliweza kulisha spika tano na ile ya besi. Mtu angedhani funzo la miaka ya sabini lilikuwa limeeleweka. Wapi! Mashine ya SACD haikusoma DVD-Audio, wala ile ya DVD-Audio haikusoma SACD. Muziki aliopenda mteja ulitegemea kampuni ya rekodi ilikuwa upande gani wa vita.

Aidha, kwa hofu ya wizi wa kazi za sanaa, mashine za mwanzo hazikuruhusiwa kutoa sauti hiyo kwa njia ya dijitali. Mnunuzi aliyelipa fedha nyingi alijikuta akichomeka nyaya sita nyuma ya amplifaya, moja kwa kila mkondo. Wakati huohuo Napster, iliyoanza mwaka wa 1999, ilikuwa ikiwazoesha vijana muziki wa bure, nayo iPod ya mwaka wa 2001 ikawapa mfuko wa kuutia. DVD-Audio ilififia katika muda wa miaka michache. SACD ilinusurika kwa sababu diski zake nyingi zilikuwa na tabaka la pili lililochezwa na mashine yoyote ya CD, na kwa sababu wapenzi wa okestra, hasa Ulaya na Japani, waliendelea kuinunua.

Hata hivyo, si haki kuzilaumu kampuni peke yake. Hesabu ya fedha nayo ina ukaidi wake. Tuseme mtu ana Sh300,000 za spika. Akinunua mbili, kila moja itagharimu Sh150,000. Akinunua tano, kila moja itagharimu Sh60,000, na hapo hajanunua ya besi. Mpenzi wa sauti safi, ambaye masikio yake yameshazoea spika nzuri, huona amerudi nyuma. Amplifaya nayo huficha mambo: nyingi zenye mikondo mingi hutangazwa kwa nguvu iliyopimwa mikondo miwili tu ikifanya kazi. Yote ikidai umeme kwa pamoja, kila mmoja hupata kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye kasha.

Halafu kuna sebule. Mwongozo wa shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, huweka spika moja mbele kabisa ya msikilizaji, mbili kwenye nyuzi 30 kushoto na kulia, na mbili za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, zote zikiwa umbali mmoja kutoka kwake. Kwa muziki hufaa ziwe za aina moja. Katika nyumba nyingi spika ya katikati hulazwa kifudifudi chini ya runinga na moja ya zile za nyuma huishia juu ya kabati. Mwenye nyumba hutaka duara. Wenzake nyumbani hutaka mahali pa kupita.

Waliovumilia yote hayo walipata mkombozi katika mashine zilizosoma kila aina ya diski. Zilizosifiwa sana zilikuwa za Oppo Digital, kampuni iliyotangaza mwezi Aprili 2018 kwamba inaacha kuziunda. Baada ya hapo, zilizotumika zilinunuliwa kwa bei iliyozidi ile ya dukani, dalili kwamba kiu ilikuwa bado ipo.

Ahadi ya tatu ni Dolby Atmos, iliyoanzia kwenye majumba ya sinema mwaka wa 2012 na kufika nyumbani mwaka wa 2014. Apple ilipoanza kutoa muziki wa aina hiyo mwezi Juni 2021, nyimbo za mikondo mingi ziliongezeka kuliko wakati wowote uliotangulia. Safari hii mteja hakuombwa kununua diski. Lakini wengi huusikiliza kwa vidude vya masikioni, vinavyoigiza spika zisizokuwapo, na sauti inayopitia mtandaoni hubanwa hadi kilobiti 768 kwa sekunde kwa mikondo yote. Atmos isiyopunguzwa hupatikana kwenye diski za Blu-ray, kama zile zenye kazi za Steven Wilson, mwanamuziki Mwingereza ambaye pia amechanganya upya albamu za King Crimson, Yes na Jethro Tull kwa spika nyingi. Na mpangilio kamili wa Atmos unaotumiwa studioni huhitaji spika 12, nne zikiwa darini.

Kwa msomaji anayetaka kuanza bila kufilisika, njia iliyowafaa wengi ni kununua kwanza spika mbili nzuri za mbele, na kuhakikisha kwamba muundaji wake ataendelea kuuza nyingine za aina hiyohiyo. Zile za nyuma zinaweza kungoja mshahara mwingine.