Amri ya kuhifadhi miti (Uingereza)

Amri ya kuhifadhi miti ni agizo la halmashauri chini ya Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1990, linalomkataza mwenye kiwanja kukata, kupogoa au kuharibu mti uliotajwa bila kibali cha maandishi. Msingi wake ni kwamba shina ni la mwenye kiwanja, lakini mandhari ni ya mtaa mzima. Wapinzani huona huo ni unyang'anyi wa mali. Hata hivyo umiliki hauhami: agizo huanza kwa muda wa miezi 6 ili lipingwe kabla ya kuthibitishwa, na anayenyimwa kibali hukata rufaa. Fidia ipo kwa hasara isiyopungua pauni 500, ila si kwa kushuka kwa thamani ya ardhi, na hapo malalamiko yana haki kiasi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tetesi za agizo humfanya mtu awahi shoka. Ndiyo maana katika maeneo ya hifadhi ya majengo, mti usio na agizo lakini wenye kipenyo kinachozidi milimita 75 haukatwi bila kuipa halmashauri notisi ya wiki 6. Katika bustani za nje ya maeneo hayo, mwanya ungali wazi.