Jinsi kaunti zinavyokagua maombi ya kugawa mashamba kuwa ploti za makazi

Ekari moja ya shamba ina futi mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo madalali wa viunga vya Nairobi huiuza kwa jina la sehemu ya nane ya ekari, ina futi mraba 5,000, ilhali sehemu ya nane halisi ni futi mraba 5,445. Ukizipanga ploti nane za aina hiyo katika safu mbili zinazotazamana, nne kila upande, zitakula futi mraba 40,000. Kinachosalia katikati ni kichochoro chenye upana wa takriban futi 18, yaani chini kidogo ya mita tano na nusu.

Afisa wa mipango akisisitiza barabara ya mita 9, ambayo ndiyo hutajwa mara nyingi kama kipimo cha chini cha njia ya mtaa wa makazi, hesabu hiyo huvunjika. Barabara hiyo pekee itahitaji futi mraba 5,900, na ekari itakuwa imezidiwa kwa futi mraba zaidi ya 2,300. Mwenye shamba hana budi kupunguza ploti moja au kuzifinya zote. Mvutano mwingi baina ya wauzaji ardhi na afisi za kaunti huanzia papo hapo, ingawa mnunuzi aliyeletwa kwa basi siku ya Jumamosi kutazama ploti huwa haambiwi lolote kuuhusu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kugawa ardhi ni kuikata kipande kimoja kuwa viwili au zaidi, iwe ni kwa kuuza, kukodisha, kutoa zawadi au kwa madhumuni mengine. Baba anayewagawia wanawe ekari mbili kule Githunguri na kampuni inayokata ekari 100 kule Isinya wote wamo. Tendo hilo huhesabiwa kuwa ustawishaji, na hakuna ustawishaji unaoruhusiwa kuanza bila idhini ya kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi miwili, au kupewa adhabu zote mbili.

Sheria hiyo ilichukua mahali pa ile ya mwaka 1996. Enzi hizo maombi yalishughulikiwa na mabaraza ya miji na wilaya, na madiwani ndio waliokuwa na usemi katika kamati za mipango. Mabaraza hayo, yapatayo 175, yalivunjwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na majukumu yake yakaangukia kaunti 47. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaorodhesha mipango, upimaji wa ardhi na nyumba miongoni mwa kazi za kaunti. Usajili wa hatimiliki, hata hivyo, ulibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Hivyo basi faili moja ya shamba husafiri baina ya serikali mbili, na si ajabu kuikuta imekwama katikati ya safari.

Safari yenyewe huanza kwa mtaalamu wa mipango aliyesajiliwa. Huyu huandaa mchoro wa ploti zinazopendekezwa pamoja na maelezo ya sababu za ugawaji, kisha maombi huwasilishwa kwa kaunti pamoja na nakala ya hatimiliki, stakabadhi ya upekuzi wa hivi karibuni katika sajili ya ardhi, na ada. Ikiwa shamba ni la kilimo na linakusudiwa kuwa la makazi, huhitajika pia idhini ya kubadilisha matumizi. Hapo ndipo msomaji huona yale matangazo madogo magazetini, na bango lililopigiliwa getini, yakiwataka wenye pingamizi wajitokeze. Wengi huyapita bila kuyasoma, hadi trekta inapofika.

Kaunti hupeleka nakala za maombi kwa idara zinazohusika: barabara, maji na majitaka, afya ya umma, upimaji. Miradi ambayo ukubwa wake unagusa mazingira hupitia pia kwa NEMA, ambayo huitisha ripoti ya athari kabla ya kutoa leseni.

Wakaguzi huangalia nini? Kwanza, kama mchoro unaafikiana na mpango wa eneo uliokwisha kuidhinishwa. Pili, njia. Si upana wake tu, bali pia kama inaungana na barabara ya umma au inaishia kwenye ua wa jirani, na kama gari la zimamoto linaweza kuingia na kugeuka. Kisha kuna suala la maji machafu, ambalo kwa maoni ya mwandishi huyu ndilo zito kuliko yote na ndilo hupewa uzito mdogo zaidi. Sehemu nyingi za Kitengela, Rongai, Ruai na Juja zilijengwa kabla ya mabomba ya majitaka kufika. Kila nyumba ina tangi lake la maji taka au choo cha shimo, na si mbali na hapo kuna kisima. Ploti inapokuwa ndogo, umbali baina ya choo cha huyu na kisima cha yule hupungua. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ulioenea katika nyanda za Athi, haunyonyi maji upesi, na mvua za masika zikinyesha matangi hufurika. Afisa wa afya anayekataa ploti za futi 40 kwa 80 mahali kama hapo huwa anajua anachokitenda, hata kama muuzaji atamwita adui wa maendeleo.

Jambo jingine ni ardhi ya umma. Shamba likigawanywa vipande vingi, watu wataongezeka, na watoto wao watahitaji shule. Kaunti yaweza kuweka sharti kwamba sehemu fulani iachwe kwa ajili ya barabara na huduma, na ikabidhiwe umma. Sharti likiandikwa kwenye karatasi lakini kipande hicho kisikabidhiwe rasmi, hubaki kwa jina la mwenye shamba, na baada ya miaka kadhaa nacho huuzwa. Migogoro mingi ya viwanja vya shule na malango ya mitaa ina asili hiyo.

Baada ya ukaguzi, kaunti hukubali, hukubali kwa masharti, au hukataa na kueleza sababu. Sheria ya 2019 imeweka kipimo cha muda: mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Kifungu hicho kilikusudiwa kukomesha tabia ya kukalia mafaili, lakini kina hatari yake, kwani kimya cha afisi yenye upungufu wa watumishi huweza kugeuka ruhusa ya mtaa usio na barabara.

Asiyeridhika, awe mwombaji au mtu mwingine mwenye maslahi, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya kaunti, nayo hutakiwa kuamua katika siku 14. Kutoka hapo ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Jirani anayeona mtaa unapangwa juu ya njia ya maji ya mvua ana haki hiyo pia, ila siku 14 ni chache kwa mtu ambaye hakuliona bango.

Kwa mashamba ya kilimo kuna mlango wa pili, nao ni bodi ya kudhibiti ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Ugawaji na mauzo huhitaji ridhaa yake, na maombi hufaa kupelekwa katika miezi sita tangu mkataba ufanywe. Muda huo ukipita, kwa kawaida mkataba huwa batili: mnunuzi anaweza kudai fedha zake kama deni, lakini si shamba. Mwaka 2014 majaji wa Mahakama ya Rufani waliwaokoa wanunuzi waliokuwa wamekwisha kulipa na kukaa katika ploti zao, wakisema muuzaji aliwashikia ardhi hiyo kama amana. Ulinzi wa aina hiyo hupatikana kortini tu, kwa miaka na kwa gharama za mawakili.

Vibali vikikamilika, mpima ardhi mwenye leseni huweka mawe ya mipaka na kujaza fomu ya ugawaji, ramani ya sajili hurekebishwa, hatimiliki ya awali hufungwa na mpya hutolewa. Anayeuziwa kabla ya hapo hununua ahadi, hata akipewa cheti cha hisa chenye mhuri wa kuvutia.

Ikumbukwe kwamba kaunti hukagua mpangilio na haitoi hakikisho kuhusu umiliki. Waliobomolewa nyumba Syokimau mnamo Novemba 2011, na Mavoko mnamo Oktoba 2023 katika ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland, walikuwa katika mitaa yenye ploti zilizopimwa na kuuzwa. Upekuzi katika sajili ya ardhi hutangulia mchoro.

Mnunuzi anaweza kuitisha kwa muuzaji barua ya idhini ya kaunti na mchoro uliopigwa mhuri, kisha aupeleke shambani na kamba ya kupimia. Aanzie barabarani. Ikiwa mchoro unasema mita 9 na kamba inasema tano, ploti zilizosalia zimepimwa kwa kamba hiyo hiyo.