Mtaji wa Uthubutu

Kila mwanzo wa muhula mimi huwapa wanafunzi wangu wa biashara zoezi moja la kuandika. Nawaambia: una wazo la kampuni, na yupo mtu mwenye fedha, mwandikie barua ya ukurasa mmoja. Siongezi maelezo, kwa sababu nataka kuona neno watakaloanza nalo. Barua nyingi hufunguka hivi: "Ndugu Mfadhili." Baada ya hapo barua hujiandika yenyewe. Mwandishi ataeleza shida zake, ataomba asaidiwe, atashukuru kabla hajapewa, kisha atafunga kwa dua. Hutaona mstari unaosema mwenye fedha atapata nini, lini, na kwa njia gani.

Mawazo yao mara nyingi ni mazuri. Kinachowaangusha ni lile neno la kwanza. Mfadhili ni mtu wa fadhila: anatoa, na akishatoa, deni linalobaki ni la shukrani. Tumeishi na wafadhili wa visima, wa semina na wa miradi kwa muda mrefu, hata kila mkono wenye fedha tunauona ni mkono wa fadhila. Mwekezaji ni mtu mwingine. Anataka sehemu ya kampuni, anataka kusikilizwa kwenye bodi, na anataka siku moja aondoke na zaidi ya alichokuja nacho. Ukimwita mfadhili, umeshajiweka mahali pa mwombaji kabla mazungumzo hayajaanza.

Ndiyo maana siku hizi nafundisha fedha za ujasiriamali kwa kuanza na maneno. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, lakini mwanafunzi huelewa jambo la fedha kwa lugha anayohesabia chenji yake.

Tuanze na mtaji wenyewe. Wachezaji wa bao la kiswahili wanalo neno hili kwa namna yao. Bao lina kete 64, kila mchezaji 32. Mwanzoni kila mmoja ana kete 10 tu ubaoni. 22 zilizobaki ziko akiba, naye huziingiza moja moja. Huko ni kunamua. Akiba ikiisha, mchezo huingia hatua ya pili, na hatua hiyo huitwa mtaji. Tangu hapo hakuna kete itakayotoka nje ya ubao. Unacheza na zilizomo, nazo hazitulii: zinazunguka, zinaliwa, zinarudi. Hakuna fasili ninayoijua inayomwingia mwanafunzi haraka kuliko hiyo. Mtaji ni kilichomo ubaoni, kinachotembea. Fedha iliyolala chini ya godoro bado ni akiba.

Pembeni ya mtaji lipo neno rasilimali. Limetoka kwenye Kiarabu, ra's al-mal, yaani kichwa cha mali. Wazungu walipotafuta jina la kitu hichohicho walikwenda kwenye Kilatini, wakalichukua neno caput, ambalo nalo ni kichwa. Wafanyabiashara wa pande mbili za bahari walikubaliana kwamba mali ina kichwa, na pasipo kichwa mwili hauendi. Kwetu rasilimali ilihama taratibu. Leo ni madini, misitu, maji, hata watu. Mtaji ndio uliobaki dukani na sokoni, na ndio wahenga walioupa msemo: mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Mwanzilishi wa kampuni changa anayefanya kazi mwaka mzima bila mshahara naye ameweka mtaji, na mkataba mzuri unapaswa kuuhesabu.

Sasa njoo kijiweni. Kwenye kijiwe cha bodaboda, Dar es Salaam, utasikia maneno mawili mchana kutwa: tajiri na hesabu. Tajiri ni mwenye pikipiki. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, na lilikuwa na maana ya mfanyabiashara kabla halijawa jina la mtu yeyote mwenye mali. Hesabu ni kile kiasi ambacho dereva lazima akipeleke kwa tajiri kila jioni. Mvua inyeshe, abiria wasipatikane, hesabu ni ileile. Kinachozidi ni cha dereva.

Kisha nenda ufukweni, Bagamoyo au Kilwa, saa chombo kinaporudi kutoka kuvua. Pato linagawanywa kwa mafungu: kuna fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha na mafungu ya mabaharia. Samaki wakiwa wengi, kila fungu linanona. Chombo kikirudi kitupu, mwenye chombo naye hana kitu, na hamdai mvuvi hata samaki mmoja.

Nilipoieleza mifano hii miwili darasani, kijana mmoja aliyejilipia ada kwa kuendesha bodaboda alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo benki ni tajiri, na huyu mwekezaji ni mwenye chombo." Sikuwa na la kuongeza. Mkopo ni hesabu. Hisa ni fungu. Na hisa, ukilirudisha neno kwao Uarabuni, maana yake ni hiyohiyo: fungu. Wanazuoni wa fikihi wanao pia mkataba wa mudharaba, ambapo mmoja hutoa mali na mwenzake hutoa kazi, faida wakagawana kwa kiwango walichopatana. Hasara ikija bila uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Mtu wa pwani hahitaji kupanda ndege ili akaione fikra hii.

Lakini bado kitu kimoja hakina jina lililotulia: ile fedha inayoingia kwenye kampuni changa isiyo na dhamana, isiyo na nyumba ya kuweka rehani, pengine isiyo hata na mteja wa kwanza. Anayeitoa anajua kwamba kampuni nyingi alizozichagua zitakufa au zitarudisha kidogo, na kwamba moja au mbili ndizo zitakazolipia zote. Tuiite nini?

Mfano wake maarufu uko Marekani. Georges Doriot, Mfaransa aliyefundisha Harvard Business School kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya American Research and Development mwaka 1946. Mwaka 1957 kampuni hiyo iliwapa wahandisi wawili, Ken Olsen na Harlan Anderson, dola 70,000 waanzishe kampuni yao. Nao walipewa somo la istilahi: walishauriwa wasilitumie neno kompyuta katika andiko lao, kwa kuwa wenye fedha wa siku zile waliamini kompyuta hazina faida. Kampuni ikaitwa Digital Equipment. Hata mashine yao ya kwanza iliyokuwa kompyuta kamili waliiita PDP, kifupisho cha maneno yanayoeleza kuchakata data, na neno kompyuta halimo. Hisa zilizopatikana kwa dola hizo zilikuja kuwa na thamani ya mamia ya mamilioni ya dola. Neno moja likiwekwa vibaya kwenye ukurasa, mlango ungeweza kufungwa.

Kwetu, jina ninalolisikia zaidi ni mtaji wa ubia. Ni jina la heshima, na linasema kweli kwamba mtoaji na mpokeaji ni wabia. Udhaifu wake ni kwamba ubia umekuwa mpana mno. Serikali ikijenga na kampuni binafsi, ni ubia. Ndugu wawili wakifungua duka la vifaa vya ujenzi, ni ubia. Jina linataja undugu wa fedha na linanyamazia hatari yake.

Wengine wamejaribu mtaji wa hatari. Hatari ni neno tunalolisoma kwenye transfoma ya umeme, chini ya picha ya fuvu. Linamwambia mtu akae mbali. Wengine wakasema mtaji wa kubahatisha. Hilo nalikataa kwa nguvu zote. Tanzania tunayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kila kijana anajua inasimamia nini. Mwekezaji wa kampuni changa hachezi kamari. Anapekua vitabu, anazungumza na wateja, anawapima waanzilishi, kisha anakaa nao miaka mingi akiwashauri na kuwafungulia milango. Mcheza kamari akishaweka dau lake hana tena la kufanya.

Mimi nasimama na mtaji wa uthubutu, na sababu yangu imo ndani ya mzizi wa neno. Thubutu imetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusimama imara. Mzizi huohuo ndio uliotupa thabiti, thibiti, thibitisha na uthibitisho. Kiswahili kikachukua chipukizi mojawapo na kulipa moyo: kuthubutu, kukabili jambo ambalo wengine wanalihofia. Mama humkemea mtoto anayenyoosha mkono kwenye jiko la moto: "Thubutu!" Na taifa lilipotimiza miaka 50 ya uhuru, mwaka 2011, kaulimbiu yake ilikuwa "Tumethubutu, Tumeweza na Tunazidi Kusonga Mbele."

Uthubutu na uthibitisho ni watoto wa mzizi mmoja, na hivyo ndivyo fedha hii inavyofanya kazi. Haitolewi yote kwa mkupuo. Mwekezaji anathubutu kidogo, anasubiri uthibitisho, kisha anathubutu tena kwa kiasi kikubwa zaidi. Awamu hizo Kiingereza kimezipa herufi za alfabeti. Darasani mimi huchora mnazi. Kidaka ni wazo lililoanza kushika, na vidaka vingi hupukutika. Kitale ni bidhaa ya majaribio. Dafu ni kampuni yenye wateja wanaolipa. Koroma inakomaa, na nazi ni kampuni iliyo tayari kwa soko la hisa au kwa mnunuzi mkubwa. Mkulima hategemei tui kutoka kwenye kitale, wala hakikati kwa sababu hakina tui.

Neno la mwisho ni lile linalowaumiza waanzilishi wengi: hisa zao kupungua uzito kila awamu mpya inapoingia. Tunalo neno kuzimua. Maji ya kuoga yakiwa ya moto mno, unayazimua kwa maji ya baridi. Ukali unashuka, lakini beseni linajaa. Chukua kampuni yenye thamani ya shilingi milioni 400 kabla ya mtaji. Mwekezaji anaingiza milioni 100. Wengi darasani husema amepata robo, kwa kuwa 100 ni robo ya 400. Nawataka wasome tena maneno "kabla ya mtaji" na "baada ya mtaji". Baada ya mtaji kampuni ni milioni 500. Fungu lake ni asilimia 20, na mwanzilishi ana 80. Awamu ya pili kampuni inathaminiwa bilioni 1.5, zinaingia milioni 500, jumla bilioni 2. Mwekezaji mpya ana robo, na mwanzilishi amezimuliwa kutoka asilimia 80 hadi 60. Je, amepoteza? Asilimia 80 ya milioni 500 ilikuwa milioni 400. Asilimia 60 ya bilioni 2 ni bilioni 1.2. Anayelijua neno kuzimua ataangalia na beseni, asiishie kulilia moto. Lakini beseni lisipokua, basi amemwagiwa maji ya baridi bure, na hilo nalo inafaa alijue kabla hajatia saini.

Walimu wenzangu wa vyuo vya biashara, tuyatumie maneno haya darasani, tuyajaribu, tuyarekebishe, kisha tuyapeleke Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) yakiwa yameshakomazwa na midomo ya watu. Nawe mwanafunzi unayejiandaa kuandika barua yako ya kwanza, andika "Ndugu Mwekezaji", na kabla ukurasa haujaisha mwambie fungu lake ni lipi.