Daftari Lililosomwa Nusu

Ndugu msikilizaji, wageni wanaofika Sumbawanga kwa mara ya kwanza hupenda kuuliza maana ya jina la mji wetu. Huambiwa kwamba kwa Kifipa ni "tupa uchawi", yaani anayeingia hapa auache uchawi wake nje. Leo nataka kuzungumzia uchawi wa aina nyingine, usiohitaji tunguri wala usiku wa manane. Ni ule wa kuwaficha wenye mali hesabu za mali yao.

Ufipa yetu inazijua siri. Mababu zetu waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, na mabaki yake yapo mpaka leo. Fundi alikuwa na dawa zake na miiko yake, na hakuna aliyemlaumu kwa kutoitangaza. Siri ile ilikuwa ya kazi, na ilikuwa yake. Jembe likitoka, mnunuzi alilishika, akaligonga, akasikiliza mlio wake, ndipo akaamua. Mnunuzi wa hisa hana cha kugonga. Anachopewa ni maneno na karatasi, na maneno hayo yakiwa ya uongo, basi amenunua uongo.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1844 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuandikisha makampuni, baada ya watu wengi kulizwa na kampuni za hewa. Sheria ile ikataka mizania iwekwe mbele ya wanahisa. Mwaka huohuo, katika mji wa Rochdale, wafumaji na mafundi wenye kipato kidogo walifungua duka lao la ushirika, na miongoni mwa taratibu zao ikawamo ya wanachama kuonyeshwa hesabu mara kwa mara. Wenye mitaji mikubwa na wenye senti chache walifikia fikra moja.

Hapa kwetu, sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata KNCU ikaandikishwa kule Moshi. Baada ya Uhuru vyama viliongezeka haraka kuliko watu wa kutunza hesabu zake. Mwaka 1966 Serikali iliunda tume ya kuchunguza vyama hivyo na bodi za mazao. Tume ilikuta udanganyifu, lakini pia ilikuta wanachama wasioelewa jinsi vyama vyao vinavyoendeshwa, kwa hiyo hawakuweza kuwabana viongozi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka huo likaundwa pia shirika la kukagua hesabu za ushirika, COASCO.

Kisha zikaja nyakati za biashara huria. Mwaka 1994 ikatungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza mauzo, kampuni ya TOL ikiwa ya kwanza. Neno "hisa" likaingia midomoni mwa watu, hata huku kwetu.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu, na pia katibu wa kampuni ndogo ya kusaga na kukoboa mahindi. Jina lake sitalitaja. Tulikuwa wanahisa zaidi ya 40: walimu, wachuuzi na wakulima. Mama mmoja mjane aliuza ng'ombe ili anunue hisa zake. Katika mkutano mkuu nilisimama kusoma hesabu. Mapato nikasoma, matumizi nikasoma, ukurasa wa tatu nikauruka. Huko ndiko kulikoandikwa kwamba mashine imewekwa rehani, na kwamba marejesho ya mkopo ya miezi minne hayajalipwa.

Mwenyekiti alikuwa ameniambia, "Mwalimu, watu wakisikia habari za deni watadai fedha zao, na kampuni itakufa. Tusubiri mavuno." Nikaona hiyo ndiyo busara. Yule mama akanyoosha mkono. "Mwalimu, mashine hii ni yetu kabisa?" Nikajibu, "Ni yetu, mama."

Mavuno yalikuja, fedha hazikutosha. Mwaka uliofuata mashine ilipakiwa kwenye lori, ikaondoka kwa njia ya Tunduma. Mama yule alinikuta njiani akaniuliza neno moja tu: "Ulijua?" Nilitazama chini.

Ndugu msikilizaji, nimefikiri miaka mingi juu ya maneno ya mwenyekiti wangu. Ukimya wetu haukuiokoa kampuni. Kama tungesema, wanahisa wangeweza kuchanga, au kwenda benki kuomba muda, au hata kuuza mashine wenyewe kwa bei nzuri. Tuliwanyima nafasi ya kuamua juu ya mali yao wenyewe, na hilo lilitangulia hasara ya fedha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, tena limeandikwa kwa wino mzuri. Mali ikapotea hata hivyo, kwa sababu lilisomwa nusu.

Tusiseme kwamba sheria haikuwapo. Rehani ya kampuni ilipaswa kuandikishwa kwa Msajili wa Makampuni, na mtu yeyote angeweza kulipa ada akaiona. Lakini Msajili alikuwa Dar es Salaam, na barabara yetu ya Tunduma ilikuwa ya vumbi. Mkulima gani angefunga safari hiyo kwenda kutazama jalada? Siku hizi maombi mengi ya BRELA hufanywa kwa mtandao, lakini aliye karibu na daftari bado ndiye mwenye wajibu wa kwanza wa kusema.

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inasema kampuni binafsi isizidi wanahisa 50, wala isitangaze hisa zake kwa umma. Ukisikia kipaza sauti sokoni kikinadi hisa, uliza idhini iko wapi. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, iliyokuwa ikiwaambia watu wapande mbegu za fedha ili wavune zaidi. Mkulima anajua mbegu huota udongoni. Zile ziliota katika mifuko ya waliojiunga baadaye, na mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake walitiwa hatiani mahakamani.

Mwaka huohuo wa 2013, Soko la Hisa lilifungua dirisha la kampuni ndogo na changa, na Benki ya Maendeleo ikawa ya kwanza kuingia. Kampuni ya namna hiyo haidaiwi historia ndefu ya faida. Inadaiwa iwe na mshauri aliyeteuliwa, na ieleze katika waraka wake wa matarajio hali yake na hatari zinazoikabili. Udogo haukuwa kisingizio cha kunyamaza.

Kwa hiyo, iwe ni SACCOS ya Laela, kikundi cha Matai au kampuni ya Namanyere, mkutano mkuu ukifika ulizeni mambo matatu. Nani anatudai? Nani amekagua hesabu hizi? Faida hii imetoka wapi? Kiongozi akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Na wewe mama, kama bado unanisikiliza huko uliko, lipo jibu unalonidai tangu siku ile njiani. Ndiyo, nilijua. Nisamehe.

Kwa herini hadi wiki ijayo.